Dola ya Wright ya 2003 au robo dola ya Bessie Coleman ya 2023: ipi ununue?

Mtu anayetaka sarafu ya fedha ya kumkumbuka mwanzilishi wa urubani, na ndiyo kwanza anaanza kukusanya, mara nyingi huishia kuchagua kati ya mbili. Ya kwanza ni dola ya fedha ya 2003 yenye sura za Orville na Wilbur Wright, iliyotolewa kuadhimisha miaka 100 ya safari yao ya kwanza ya ndege yenye injini. Ya pili ni robo dola ya fedha ya 2023 yenye Bessie Coleman. Zote zimegongwa na Kiwanda cha Sarafu cha Marekani, na zote bado zinapatikana bila taabu kwa wauzaji wa mtandaoni. Kufanana kwake kunaishia hapo.

Msimamo wetu ni huu. Ukinunua kwa sababu ya mtu aliyemo kwenye sarafu, chukua Coleman. Ukitaka sarafu kubwa, nzito, ambayo wageni na watoto wanaweza kuitazama bila wewe kukaa roho juu, chukua dola ya Wright, tena ile isiyo prufu (prufu ni sarafu iliyogongwa ing'ae kama kioo). Ukitaka fedha kama akiba ya mali, usichukue hata moja, na sababu yake utaiona kwenye hesabu.

Vipimo vyake

| | Dola ya Wright, 2003 | Robo dola ya Coleman, 2023 |
|---|---|---|
| Madini | Fedha 90%, shaba 10% | Fedha 99.9% |
| Uzito | Gramu 26.73 | Gramu 6.343 |
| Kipenyo | Milimita 38.1 | Milimita 24.26 |
| Fedha halisi ndani yake | Aunsi ya sonara 0.773 | Aunsi ya sonara 0.204 |
| Alama ya kiwanda | P (Philadelphia) | S (San Francisco) |
| Umaliziaji | Isiyotumika, au prufu | Prufu |

Aunsi ya sonara ni gramu 31.1, si zile gramu 28.35 za aunsi ya dukani. Muuzaji anayechanganya hizo mbili kwenye tangazo lake ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Ukubwa ndio unaowashangaza wengi kifurushi kinapofika. Picha za mtandaoni hukuza kila kitu. Robo dola ya Coleman ni sarafu ndogo: kipenyo chake kiko kati ya shilingi 10 na shilingi 20 za Kenya. Kofia yake, miwani yake na mawingu nyuma yake vinahitaji mwanga mzuri, na kwa macho ya wengi, kioo cha kukuza mara tano. Dola ya Wright inaonekana vizuri hata ukiwa umeiweka mezani.

Watu waliomo

Ndugu wa Wright wanajulikana. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye vilima vya mchanga vya Kill Devil Hills karibu na Kitty Hawk, North Carolina, Orville aliruka kwa sekunde 12 akafika futi 120, yaani mita zisizofika 37. Safari ya nne ya siku hiyohiyo, Wilbur akiwa ndiye rubani, ilichukua sekunde 59 na kufika futi 852. Dola imebeba vichwa vyao vyote viwili upande mmoja na ndege yao ikiwa hewani upande wa pili. Ni mchoro wa heshima, wa kimapokeo, usio na jipya. Kwenye bei ya awali kulikuwa na nyongeza ya dola 10 kwa kila sarafu, ya kukarabati na kutunza mnara wa kumbukumbu yao huko North Carolina. Pesa hiyo ililipwa zamani na mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo usikubali kuuziwa leo kwa hoja kwamba unachangia mnara.

Coleman anahitaji nafasi zaidi, kwa kuwa wengi wanaoinunua sarafu yake hawamjui vya kutosha. Alizaliwa 1892 huko Atlanta, mji mdogo wa Texas. Akiwa Chicago alifanya kazi ya kutengeneza kucha katika duka la kinyozi. Shule za urubani za Marekani zilimfungia mlango kwa kuwa ni mweusi na ni mwanamke, basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akasomea katika shule ya ndugu wa Caudron huko Le Crotoy, Ufaransa. Tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya Shirikisho la Kimataifa la Urubani, akiwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata, na pia Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya wenyeji asilia wa nchi hiyo. Alirudi nyumbani akawa rubani wa maonyesho, na alikataa kurusha ndege mahali ambapo watu weusi walizuiwa kuingia. Alikufa 30 Aprili 1926 huko Jacksonville, Florida, baada ya spana iliyoachwa ndani ya ndege kukwama kwenye mitambo ya usukani. Ndege ilipogeuka yeye hakuwa amefunga mkanda. Alikuwa na miaka 34.

Sarafu haikumwonyesha akiwa ndani ya ndege. Imemchukua anapojiandaa kuruka, kofia kichwani, uso umeinuliwa kutazama mbingu, na mawingu yakiwa nyuma yake. Mchoraji ni Chris Costello, na mchongaji wa mhuri ni Eric David Custer. Humo kuna tarehe 6.15.1921, siku ya leseni, mwezi ukiwa umetangulia kama wanavyoandika Wamarekani. Upande wa pili ni George Washington akitazama kulia, sura iliyochongwa na Laura Gardin Fraser kwa ajili ya 1932 lakini haikuchaguliwa wakati huo. Kwa maoni yetu hii ni moja ya robo dola bora za mfululizo mzima wa wanawake wa Marekani wa 2022 hadi 2025, kwa sababu mchoro una wazo moja na unalishikilia.

Prufu na isiyotumika

Sarafu ya prufu hugongwa kwenye vipande vya fedha vilivyosafishwa na kung'arishwa, kwa mihuri iliyong'arishwa, na hugongwa zaidi ya mara moja. Uwanda wake huwa kioo kabisa, na sura hubaki na ukungu mweupe. Ndiyo maana inavutia kwenye picha. Na ndiyo maana inaharibika upesi: kwenye kioo hicho alama ya kidole huonekana, na ikikaa wiki kadhaa asidi na chumvi za jasho huanza kuila fedha, kisha haitoki tena. Hata kuzungumza ukiwa umeinamia sarafu iliyo wazi kunatosha. Chembe za mate huacha vidoa vidogo vyeusi vinavyojitokeza baadaye, wakati umeshasahau.

Dola ya Wright isiyotumika, yaani isiyo prufu na isiyowahi kuingia kwenye mzunguko, ina uso wa satini. Inasamehe zaidi. Pia shaba ile asilimia 10 huifanya kuwa ngumu kuliko fedha ya 99.9%, kwa hiyo haichubuki kirahisi kama Coleman. Ziligongwa zaidi ya 53,000 zisizotumika na zaidi ya 190,000 za prufu, wakati sheria iliruhusu hadi 500,000. Soma takwimu hizo kwa utulivu: sarafu hii si adimu. Isiyotumika ni chache kuliko prufu kwa zaidi ya mara tatu, lakini wanunuzi wengi hukimbilia kung'aa, hivyo uliza bei za zote mbili kabla hujaamua. Kwa mtu wa matumizi ya kawaida, isiyotumika ndiyo chaguo la busara.

Coleman ya fedha haikupi uchaguzi huo. Ni prufu, basi. Ukiinunua, panga tangu mwanzo kwamba haitatoka kwenye kapsuli yake, yaani kifuniko chake kigumu cha plastiki.

Mtego wa Coleman: S si lazima iwe fedha

Soma hapa kwa makini, maana pesa nyingi za wanunuzi hupotelea hapa. San Francisco iligonga Coleman za prufu za aina mbili mwaka 2023. Moja ni fedha 99.9%. Nyingine ni ya tabaka za shaba na nikeli. Zote zina S, zote zinang'aa kama kioo, zote zina kipenyo kilekile na mchoro uleule. Hakuna neno wala namba juu ya sarafu inayosema ipi ni ipi. Tangazo lililoandikwa «Bessie Coleman 2023 S prufu» tu halijakuambia kitu, na mara nyingi muuzaji hajadanganya. Amenyamaza, wewe ukajaza mwenyewe.

Njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Angalia ukingo kwanza. Sarafu ya tabaka ina mstari wa rangi ya shaba unaozunguka katikati ya ukingo, hata ukiwa umefifia. Ya fedha ni nyeupe yote. Kisha pima. Ya fedha ni gramu 6.34, ya tabaka ni gramu 5.67. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima itakuambia 6 kwa zote mbili, kwa hiyo tumia mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Ukinunua kwa mbali, omba picha mbili kabla ya kulipa: ukingo kwa karibu, na sarafu ikiwa juu ya mizani yenye namba zinazosomeka. Muuzaji wa kweli hakatai. Zile zenye P na D (Denver) ni za mzunguko wa kawaida, hazina fedha kabisa, na thamani yake kwa kawaida ni robo dola ileile iliyoandikwa.

Sarafu ya fedha haikuuzwa awali ikiwa peke yake. Ilikuja katika seti ya robo dola 5 za mwaka huo, au katika seti kubwa ya sarafu 10 za fedha na metali nyingine, zikiwa zimefungwa kwenye kasha la plastiki gumu. Coleman inayouzwa peke yake ina maana mtu alilifungua kasha hilo, na wengine hulifungua kwa bisibisi. Kagua ukingo na mdomo wa sarafu (pindo lililoinuka kuzunguka uso wake) kwa kioo cha kukuza: mkwaruzo mfupi ulionyooka sehemu moja ya mdomo ndiyo dalili ya chuma kilichoteleza. Kama bei zinakaribiana, nunua seti ya robo dola 5 nzima. Fedha yake kwa jumla inazidi aunsi moja kidogo, na Coleman wako anabaki pale alipowekwa na kiwanda.

Mitego ya Wright

Mwaka 2003, kwa maadhimisho yaleyale ya miaka 100, zilitolewa sarafu tatu: dhahabu ya dola 10, dola ya fedha, na nusu dola ya shaba na nikeli. Nusu dola hiyo ina kipenyo cha milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34, wala haina fedha hata chembe. Kwenye matangazo yenye picha moja isiyo na kipimo huonekana kama dola. Hakikisha imeandikwa dola moja, na uzito ni gramu 26.73.

Kuna pia medali za watu binafsi zenye ndugu wa Wright, nyingine za fedha na nyingine zimepakwa tu. Sarafu halali ina jina la nchi, thamani ya dola na alama P. Kikikosekana kimojawapo, unachotazama ni medali, na medali ina soko lake tofauti.

Ukiwa na shaka na dola isiyotumika, kipimo cha maji kinasaidia. Weka kikombe cha maji yaliyotoneshwa juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu ikiwa imening'inizwa kwa uzi mwembamba bila kugusa kikombe. Mizani isome karibu gramu 2.59. Hiyo inatokana na msongamano wa fedha ya 90%, ambao ni takriban gramu 10.3 kwa sentimita ya ujazo. Ikisoma 2.9 au zaidi, hiyo si fedha ya kiwango kinachodaiwa. Ikaushe kwa kuigandamiza taratibu kwenye kitambaa laini, bila kusugua. Prufu usiizamishe kamwe. Uzito, kipenyo na sumaku vinatosha. Fedha hainaswi na sumaku.

Hesabu ya bei

Chukua bei ya fedha ya siku kwa aunsi ya sonara. Zidisha kwa 0.773 kwa Wright, na kwa 0.204 kwa Coleman. Tuseme bei ni dola 30: Wright ina fedha ya dola 23.20, Coleman ina ya dola 6.10. Chochote unacholipa juu ya hapo ni malipo ya mchoro, jina na umaliziaji, na siku ya kuuza sonara atakupa chini ya thamani ya madini, si juu yake. Kwa Coleman sehemu hiyo ya juu ni kubwa mno ukilinganisha na fedha iliyomo, ndiyo maana tumesema isinunuliwe kama akiba. Mwenye nia ya akiba anunue aunsi nzima isiyo na masimulizi.

Kuhusu zile zilizofungwa na kampuni za upimaji kama PCGS na NGC zikiwa na alama 69 au 70, kwenye kipimo kinachoishia 70: sarafu za kisasa za prufu nyingi hutoka kiwandani zikiwa katika ngazi hizo. Tofauti ya 69 na 70 haionekani kwa macho matupu, ila inaonekana kwenye bei. Lipia 69 ukitaka usalama wa kasha, na uhakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ukilinganisha picha kama ipo. 70 waachie wanaoshindania orodha za ubora.

Kama zote mbili hazikugusi

Kwa anayewapenda Wright lakini anataka sarafu ndogo ya bei ya chini, zipo robo dola za fedha za majimbo ya North Carolina (2001) na Ohio (2002), zenye S. Ni fedha 90%, gramu 6.25. Ya North Carolina imechukua picha maarufu ya 1903 iliyopigwa na John T. Daniels, ndege ikiwa imeacha reli yake na Wilbur akiwa amesimama kando. Tunaipenda kuliko dola yenyewe. Zina kipenyo sawa na cha Coleman, hivyo zote tatu hukaa vizuri katika kasha moja. Nazo pia zina pacha wa tabaka wenye S, kwa hiyo kanuni ya ukingo na mizani ni ileile.

Kanada ilitoa dola 20 za fedha za mfululizo wa ndege kuanzia 1990, gramu 31.1 za fedha 92.5%, kipenyo milimita 38, kila moja ikiwa na duaradufu ndogo ya sura ya mtu iliyofunikwa kwa dhahabu. Ya 1991 ya ndege Silver Dart ina J.A.D. McCurdy na F.W. Baldwin, McCurdy ndiye aliyeirusha huko Baddeck, Nova Scotia, 23 Februari 1909. Ni sarafu za kupendeza, lakini tabaka la dhahabu ni jembamba sana. Dawa ya kusafishia fedha au kitambaa cha kung'arishia vitaliondoa, na sarafu iliyopoteza dhahabu hairudi. Kataa yoyote ambayo duaradufu yake imepauka upande mmoja.

Ucheki ilitoa koruna 200 mwaka 2011 kwa ajili ya Jan Kašpar, aliyeruka kutoka Pardubice hadi Velká Chuchle karibu na Prague tarehe 13 Mei 1911, kilomita 121 kwa dakika 92. Ni gramu 13, kipenyo milimita 31. Uzuri wake kwa mnunuzi ni kwamba aina mbili zinajitambulisha zenyewe kwenye ukingo: ya kawaida ina meno, ya prufu ni laini na ina maandishi.

Kuzitunza, hasa kwenye hewa ya pwani

Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar ana kazi zaidi kuliko wa Nairobi au Arusha. Fedha hufubaa kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na unyevu huharakisha. Salfa hutoka pia kwenye mpira, sufu, gazeti, rangi mbichi ya ukuta na katoni za kahawia, kwa hiyo droo yenye bendi za mpira ni mahali pabaya. Hata sanduku la awali la Wright, pamoja na uzuri wake, huacha duara la manjano kwenye sarafu baada ya miaka. Tunza sanduku na cheti kwa ajili ya mauzo, lakini sarafu iwe ndani ya kapsuli ngumu ya akriliki: milimita 38.1 kwa Wright, 24.3 kwa robo dola, 38 kwa Kanada, 31 kwa Ucheki. Kapsuli iliyopwaya huiacha sarafu ikicheza na kujichubua.

Vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali ya kapeti jipya la gari ni vya PVC. Plastiki hiyo hutoa utando wa kijani unaonata. Ukiuona mapema, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha glasi kwa dakika chache, geuza, badilisha asetoni, kisha iache ikauke yenyewe. Usitumie kiondoa rangi ya kucha, maana huwa na mafuta na manukato. Fanya kazi hiyo madirisha yakiwa wazi na mbali na moto. Usisugue, hata kwa pamba.

Weka kapsuli kwenye kisanduku kinachobana pamoja na pakiti za silika, na uzibadilishe au uzikaushe zinapobadilika rangi. Dawa ya meno, magadi, majivu na limau, ambavyo vinafaa kwa bangili za bibi, huua thamani ya sarafu ya mkusanyaji mara moja: mikwaruzo yake huonekana kama nywele nyingi zilizolala upande mmoja ukiielekeza sarafu kwenye taa.

Ukiagiza kutoka nje, mwambie muuzaji atangaze bei halisi na aandike wazi kwamba ni sarafu ya ukusanyaji, pamoja na mwaka na uzito wa fedha. Bei iliyopunguzwa kwenye fomu huonekana kama njia ya kukwepa ushuru, na kifurushi kikipotea bima hulipa kile kilichoandikwa tu. Wasiliana na ofisi ya forodha kabla ya kuagiza, kwa kuwa sarafu halali na medali huweza kuwekwa kwenye mafungu tofauti. Kifurushi kikifika, kipige picha kabla ya kukifungua, pima uzito siku hiyohiyo ikiwa kapsuli inafunguka kirahisi, na dai lolote liwasilishe ndani ya muda wa kurejesha uliotajwa kwenye masharti ya mauzo.